Nauza filta za maji Kibuye, sasa mnaniuliza za bangi

Jumamosi nilikuwa nimefungua mapema, huku Kibuye, Kisumu, si ndani ya soko lenyewe, ni hii laini ya watu wa mabomba na matangi, akaingia kijana wa gereji na ovaroli yake imejaa grisi akauliza kama niko na katriji ya mkaa ile ya inchi 10. Nikamtolea. Akaigeuza, akachungulia ndani kama mtu anachungulia bomba la bunduki, alafu akashusha sauti. "Bosi, hii inaweza pitisha moshi?"

Huyo ni wa nne mwaka huu. Kuna mmoja alitaka kujua kama akiweka kipande cha ile mishumaa yetu ya kauri ya kuchujia maji ndani ya chupa ya soda itachuja vizuri. Kuna msichana mpole sana wa chuo alikuja na picha kwa simu, bongi la glasi, yaani chombo cha kuvutia bangi kupitia maji, lina matumbo matatu yamepandana, anauliza kama ni kweli linachuja mara tatu. Bango langu limeandikwa FILTA ZA MAJI, basi watu wakasoma filta na maji wakaona huyu ndio mtu wetu.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa kaunta huku mama wa kanisa amesimama nyuma anangoja washa ya tapu, kwa hivyo naandika hapa mara moja kama maji ya bongi yanachuja moshi ama la. Na kabla mtu hajaanza: bangi Kenya bado ni kosa, sheria ya mihadarati ni ya 1994, na ile sheria haishiki tu bangi, inashika hadi kiko (paipu) na chombo kingine cha kuvutia. Yaani ukipatikana na bongi tupu lenye harufu bado uko na maelezo ya kutoa. Wajackoyah, yule mgombea urais, alipiga kampeni ya bangi nchi nzima 2022, watu wakacheka wakapiga picha naye, siku ya kura hakufikisha hata asilimia moja. Mimi sina hamu ya kwenda kusomea hii blogu yangu jela ya Kodiaga, kwa hivyo majaribio nitakayosimulia hapa nilifanya na sigara ya duka.

Mimi hii kitu sikuijulia kwa intaneti. Kwa dala yetu Siaya, nyumba ya nyanya, kulikuwa na kibuyu kimeninginia karibu na mlango, cheusi kwa moshi, kina shimo mbili na kipande cha mwanzi kimechomekwa. Tulikatazwa kukigusa na bila shaka tulikigusa. Kilikuwa cha babu, alikufa kabla sijazaliwa, na nyanya alikuwa akisema ni ya tumbaku, tumbaku tu, alafu anacheka kidogo. Nikija kufanya kazi Mombasa miaka miwili, kuna mzee mmoja pale Majengo akanifunza kwamba Kiswahili kilikuwa na jina la kila kipande cha hiyo kitu: bora ndio pale unaweka tumbaku, digali ni ule mrija unashuka hadi kwa maji, kiko ni kile chombo chenyewe cha maji, na shilamu ndio unaweka mdomoni. Hata ile sauti ya maji kugugumia ilikuwa na jina lake, malio ya kiko. Sisi leo tunaita kila kitu bongi (naandika bongi sababu nikiandika bongo mtadhani naongelea akili), neno la Thailand huko, la mrija wa mwanzi, wakati watu wa huku walivutia maji zamani sana. Ethiopia, kwa pango moja la Lalibela, walichimbua vichwa vya viko vina mabaki ya bangi vya karne ya 14. Hapo tumbaku yenyewe ilikuwa bado haijavuka bahari kutoka Amerika.

Sasa swali. Maji yanachuja ama hayachuji?

Wacha nieleze vile naelezea mteja wa filta. Moshi ukiingia kwa maji hauyeyuki kama sukari kwa chai. Unakuwa mapovu. Na ndani ya kila povu moshi umekaa vile tu ulikuwa, mkavu, wa moto, ni ule ukingo wa nje ndio unagusa maji, na hiyo safari ya kutoka chini hadi juu haimalizi hata sekunde. Mimi kwa hii biashara najua kitu kinaitwa muda wa kugusana: mteja akifungulia tapu kwa nguvu, maji yanapita mkaa mbio, haujashika kitu, anakuja kunilalamikia ati filta ni feki. Nampelekea glasi mbili, moja ya maji ya mbio na moja ya maji ya polepole, anaonja mwenyewe. Moshi kwa bongi ni yule mteja wa mbio, na zaidi.

Ndio maana watu wa glasi walitengeneza yale matumbo na matundu. Chombo chenye mrija mmoja kinatoa mapovu makubwa kama ya uji unachemka, ukiweka kizibo cha matundu madogo madogo unapata mapovu kama ya soda, na hesabu yake ni rahisi, povu ukilipunguza upana nusu, kwa moshi ule ule unapata sehemu ya kugusa maji mara mbili. Kwa hivyo wale hawadanganyi kabisa. Lakini swali linabaki, kinachoshikwa ni nini? Majivu, ndiyo. Joto, ndiyo sana. Gesi zingine zinazopenda maji, kiasi. Kaboni monoksaidi, ile ya jiko la makaa ndani ya nyumba imefungwa, hiyo inapita kana kwamba maji hayapo.

Nikasema nisiongee tu. Nilienda agroveti nikanunua sindano ile kubwa ya ng'ombe ya mililita 60, pamba ya hospitali, pakiti moja ya sigara. Bongi la glasi la matumbo niliazima kwa mtu ambaye hataki kutajwa na mimi pia sitaki kumtaja. Ile ya pili ni chupa ya soda ya nusu lita nilitoboa mwenyewe. Kila chombo sigara moja, natia pamba mbele ya sindano, navuta mara kumi, polepole, nyuma ya duka nimefunga mlango kama mwizi. Ya kwanza nilivuta bila maji kabisa, pamba ikatoka rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa kwa jiko. Ya chupa ya soda... hapa nilikaa nikaangalia sana. Ukiniambia ni tofauti nitakubali, ukiniambia ni sawa pia nitakubali. Ya glasi ilitoka nyepesi, hiyo ni kweli, kama chai ya maziwa, maji yake nayo yakawa manjano na harufu ya kukaba. Nikapanga pamba zote tatu kwa sahani nikampelekea mke wangu bila kumwambia ni nini, nikamuuliza apange kutoka chafu hadi safi. Akaziangalia, akaniangalia. "Baba Junior, kwani umeanza kuvuta?" Nilivyomaliza kujieleza chakula kilikuwa kimepoa. Lakini alizipanga, na akasema hata ile safi hangempangusia nayo mtoto.

Najua sindano si pafu na sigara si bangi. Sasa sikia wale waliopima vizuri. 1996 huko California kuna kikundi cha watetezi wa bangi wenyewe, si polisi, si kanisa, ni wenyewe, walitoa matokeo ya maabara: walichukua msokoto wa kawaida, viko vya maji vya aina tofauti tofauti, na mashine mbili za mvuke, wakapima lami inayotoka (ule uchafu mweusi wa moshi unaonata) dhidi ya THC inayotoka (kile kitu ndani ya bangi kinacholewesha), yaani kwa kila kiasi cha kile mtu anatafuta anameza uchafu kiasi gani. Walitarajia maji yashinde. Msokoto wa karatasi ukapiga viko vyote vya maji. Maji yalishika lami, sawa, lakini yalishika na THC nayo, na kwa hesabu yalishika zaidi ya ile ambayo mvutaji anataka kuliko ile hataki, kwa hivyo mtu analazimika kuvuta zaidi ndio afike mahali alikuwa anaenda, na lami inarudi ikiwa imeongezeka. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu kwa matatu ya Kondele. Ni kama kununua filta inayotoa madini inaacha matope.

Alafu kuna hii ya ubaridi. Moshi wa moto unakukohoza, na kikohozi ni breki. Ukiupoza breki imetolewa, unavuta ndefu, unaujaza hadi chini, unaushikilia. Wale wanaweka barafu kwa shingo ya bongi wanaongeza hiyo tu, barafu haina kitu inachuja, inadanganya koo. Kila mtu aliyekuja dukani ananiambia "lakini inakuwa smuthi", na mimi nawaambia smuthi ni neno la koo, hukuuliza pafu.

Haya, vyombo vyenyewe.

Chupa ya soda ndio mbaya na ndio iko kila mahali, Nyalenda, Obunga, hata huko Nakuru nikitembelea binamu yangu Section 58 nilizikuta zimetupwa nyuma ya ukuta kama maganda ya miwa. Ile plastiki huanza kulegea kwa digrii 70 na kitu, chai tu ukimimina inajikunja, na kaa la sigara ukilivuta linapita digrii 600. Sasa mtu anachomeka kalamu ya plastiki hapo kando, kichwa cha foili, anawasha. Ile harufu ya kwanza unaisikia si bangi, ni biro. Kama kuna kitu kimoja ningefuta kwa hii dunia ya vyombo ni hiyo.

Hapana, nimekosea, ni ndoo. Ya ndoo ni chupa imekatwa kitako inazamishwa kwa ndoo ya maji, inainuliwa polepole, moshi unajaa, alafu inasukumwa chini mtu akiwa amefunika na mdomo. Wengi wanaamini hiyo ndio inachuja kuliko zote sababu ina maji mengi, ndoo nzima! Lakini angalia vizuri moshi unapita wapi. Haupiti kwa maji hata tone. Maji hapo yanafanya kazi ya pampu tu, yanavuta na kusukuma, moshi umekaa juu yake kama mafuta. Ni moshi wa plastiki na bangi usiochujwa, umekusanywa wote, unaingia kwa pumzi moja. Nilimchorea jamaa mmoja kwa karatasi ya risiti, akakaa kimya, akasema miaka sita amekuwa akiambia watu ni ya afya. Na hiyo ndoo yake akaniambia inakaa nje siku zote, nikamuuliza imefunikwa, akasema ya nini. Tukaenda kuiona sababu anaishi hapo nyuma Manyatta. Viluwiluwi, ndugu zangu. Wamejaa, wanacheza, wanapanda wanashuka. Kisumu hii, malaria hii, mtu anafuga mbu nyuma ya nyumba kwa jina la filta.

Mwanzi na kibuyu, vile vya babu, vinapendeza na havina plastiki, ila huwezi kuviosha vikaisha harufu na ndani huoni kunaendelea nini. Glasi ya mrija mmoja ni rahisi kuosha, inaonekana ikichafuka, na kama mtu ameshaamua atatumia maji basi hiyo ni afadhali kuliko plastiki, si kwa kuchuja, ni kwa sababu haiyeyuki kwa mdomo wako. Yale ya matumbo matatu yana mapovu mazuri, nimesema pamba ilionyesha, lakini yule msichana wa chuo nilimuuliza swali moja tu: hapo katikati brashi inafikaje? Haifiki. Lami inaganda kwa yale matundu, matundu yanaziba, mapovu yanarudi kuwa makubwa, sasa uko na chombo cha bei cha mrija mmoja. Alikuwa ameuziwa elfu saba na mia tano na mtu wa mtandaoni. Kwa hiyo pesa namfungia kwao filta ya jikoni na tapu yake.

Shisha wengine wanaiweka kando kama ni kitu cha wastaarabu, ati ni ladha ya tofaa. Ilipigwa marufuku Desemba 2017 na bado ukipita vilabu fulani usiku unaisikia kabla uione. Maji ni yale yale, mapovu ni yale yale, na juu umeongeza makaa yanayowaka saa nzima, yaani kaboni monoksaidi ya ziada ambayo hukuwa nayo. Shirika la Afya Duniani lilisema 2005 kwamba kikao kimoja cha saa moja mtu anaweza kuvuta moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Nikisoma hiyo kwa watu wa mezani wanasema lakini kuna maji.

Mashine ya mvuke ndio ilishinda hata lile jaribio la 1996, na zile zilikuwa za zamani. Sababu haina uhusiano na maji. Inapasha majani kama digrii 180 hadi 210, haiwashi, na kisichoungua hakitoi lami ya kuungua. Wengine wanaiunganishia kachupa ka maji, hiyo ni ya kupoza koo tu. Usichanganye na zile vepu za maji ya ladha zinauzwa steji, hizo ni hadithi nyingine na mimi sijui mtu ametia nini ndani.

Nimeacha maji yenyewe mwisho na hapo ndio kazi yangu iko. Hakuna mtu alikuja dukani akaniuliza kuhusu maji ya bongi. Wanauliza vyombo. Binamu yangu alikuwa na lake chini ya kitanda, maji ya Pasaka, na tulikuwa Agosti. Limekuwa na utelezi ndani, ule utando nauona kila siku kwa matangi ya watu, ukipitisha kidole unahisi kama mgongo wa kamongo. Huo si uchafu, huo ni mji. Bakteria wanajenga. Na mtu anapopitisha hewa kwa hayo maji kwa nguvu, yale mapovu yakipasuka yanarusha vitone vidogo sana, na anavivuta moja kwa moja hadi chini kabisa. Kuna mgonjwa wa nimonia mbaya, madaktari walimpata na bakteria anaitwa Pseudomonas, wakaenda kupima bongi lake wakamkuta huko pia. Na Australia, Queensland, kifua kikuu kilisambaa kwa kundi la watu waliokuwa wakipokezana bongi moja. Hapa kwetu kifua kikuu si hadithi ya Australia. Mtu hatakunywa maji ya ziwa bila kuchemsha, jambo zuri, alafu jioni anapokezana mrija na watu wanane, mmoja wao anakohoa tangu mwezi wa pili.

Kwa hivyo jibu langu kwa kaunta limekuwa moja: mwaga kila mara, osha na maji moto na chumvi, usipokezane. Sijasema vuta. Nimesema ukishaamua usinywe tope.

Na moshi wa nje, ule unabaki chumbani. 2022 watu wa chuo cha Berkeley walipima nyumba watu wakivuta bongi wakakuta vumbi laini la moshi hewani ni mara nne ya lile la shisha ya tumbaku. Hapo nilipokuwa napanga kabla nihamie Mamboleo, ukuta ulikuwa mabati, jirani alikuwa na bongi na alikuwa mtu mzuri, anasalimia, anasaidia kubeba maji, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa na kifua. Kila saa mbili usiku nilikuwa nasikia malio ya kiko kupitia mabati, gugu gugu gugu, alafu dakika kumi mtoto anaanza. Nilimwendea mara mbili. Akaniambia, "Omera, yangu inapita kwa maji." Na aliniambia kwa upole kabisa, aliamini.

Yule kijana wa gereji. Nilimwambia katriji ya mkaa imetengenezwa kwa presha ya maji, akijaribu kuvutia kwa mdomo macho yatamtoka kabla moshi ufike, na ile vumbi nyeusi ya mkaa mpya itaenda wapi kama si kwa pafu. Akafikiria. Akalipa hata hivyo. Nikasema sawa, pesa ni yako.

Jana amerudi. Nilidhani anakuja kupigana. Kumbe alishindwa kuvuta, vile nilisema, akaona badala ya kuitupa aifungie kwa tapu ya kibanda chake, na sasa chai haina ile harufu ya klorini. Anataka ingine apelekee mamake Ahero. Nimempunguzia mia mbili.